Nyuzi Nene kwenye Gitaa la Papa Asukulu

Siku Eliya Asukulu alipoweka gitaa la baba yake kwenye benchi langu na kuniomba nilifungie nyuzi nene, nilipaswa kumwambia hapana. Sikumwambia. Nilichukua tupa, nikafanya kazi siku mbili, na niliifanya vizuri. Baba yake, ambaye alikuwa rafiki yangu, alikuwa amelazwa hospitali kule Coon Rapids, mkono wa kushoto umelala kwa kiharusi, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu ninyi mliobaki na benchi langu mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka ishirini na mitatu ya kutengeneza magitaa hapa Saint Paul. Sitaki mfike katikati mkidhani mnasoma maneno ya fundi asiyekosea. Sasa nianze mwanzo.

Kabla ya kuja Marekani nilikuwa seremala Kigoma. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kutengeneza vitanda na makabati, na gitaa nililijua kwa kulisikia tu. Nilifika Minnesota mwezi wa Januari, jambo ambalo simshauri mtu. Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga maboksi ghalani. Jumamosi moja kanisa lilinituma nikanunue nyuzi kwenye duka la vyombo vya muziki, na nyuma ya duka nikamwona mzee wa Kizungu akihangaika kubandika kichwa cha gitaa kilichovunjika. Nilimtazama mpaka nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, kwa Kiingereza cha darasani, kwamba kibano chake kimekaa upande usiofaa, na gundi ikianza kubanwa mti utateleza. Akaniangalia toka viatuni mpaka kofiani, akanisogezea kibano. Jumatatu iliyofuata nikaanza kazi kwake. Jina lake lilikuwa Harlan, na nilimwita Mzee Harlan mpaka alipokufa, ingawa alidhani "Mzee" ni jina langu la ukoo na mara nyingine aliniita nalo.

Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Alinipa ufagio, na baada ya ufagio akanipa nyuzi sita zilizotumika, akaniambia nifumbe macho, nizipange kwa unene kwa kugusa, halafu nizipime kwa kipimo nione nimekosea wapi. Nilikosea zote sita. Alinirudishia zoezi lile kila asubuhi kwa wiki mbili. Wateja waliingia wakamkuta mtu mzima amefumba macho, anapapasa waya, wakaondoka wakidhani duka limeanza kupokea wagonjwa.

Mafundisho yake hayakuwa mengi. Pima, andika, ndipo ushike tupa. Seremala akikata ubao mfupi anachukua mwingine, au anawaambia watu alitaka stuli. Lakini kile kipande kidogo cha mfupa kilicho juu ya shingo ya gitaa, chenye vijifereji sita vinavyoshika nyuzi, ukikichimba kwa tupa kupita kiasi huwezi kukirudisha.

Fundisho la pili lilikuwa la karatasi. Kila gitaa lililoingia lilifungiwa karatasi yenye mistari miwili: aliyelileta nani, na anayelipiga nani. Majina yakitofautiana, hugusi kitu mpaka umeongea na mpigaji mwenyewe. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kuna mke mmoja zamani alileta gitaa la mumewe lipakwe rangi nyeupe, iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hakunieleza mume alisema nini. Alisema tu kwamba baadaye ilibidi awe na anwani mbili, ya mume na ya mke.

Baridi ya hapa ndiyo iliyonipa kazi nyingi kuliko wanamuziki wote. Mnajua haya, lakini nayaandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Gitaa likitoka kwenye buti ya gari mwezi wa Januari, liacheni ndani ya kasha lake mpaka kasha lenyewe liwe na joto la chumba. Mtu wa kwaya moja ya Roseville alikuwa na haraka ya ibada, akafungua kasha lake mlangoni tu, na rangi ikapasuka mbele ya macho yake kama tope la bwawa lililokauka. Kuna mchungaji aliyeniletea gitaa lililokuwa likilia lenyewe, akataka kwanza aliombee. Nikamwomba aendelee kuomba huku mimi nakaza skrubu ya nyuma. Tulimaliza pamoja, na mpaka leo kila mmoja wetu anajua ni nani aliyeliponya.

Papa Asukulu aliingia dukani mwaka wangu wa kumi na moja. Alikuwa Mkongo wa Fizi, aliyeishi kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa hapa na familia yake, kwa hiyo tulianza kwa kuulizana habari za soko la samaki kabla hata hajafungua mzigo wake. Gitaa lake la umeme lilikuwa limefungwa kwenye kitenge. Kambini alilipiga kwa betri ya gari. Mfupa wa juu ulipovunjika, alichonga mwingine kwa mfupa wa ng'ombe, kwa kisu na kipande cha msasa, na ulikuwa umekaa vizuri kuliko mingi niliyokwisha kuitengeneza mimi nikiwa na tupa kumi na mbili.

Mzee Harlan alilichunguza, akaona kosa. Uzi wa nne, ambao kwa kawaida ni mnene, ulikuwa mwembamba kama wa kwanza. Akaniambia nimweleze mteja kwamba mtu amemfungia uzi usio wake, na kwamba tutamwekea unaofaa bila malipo. Nami nilikuwa tayari nimeshika koleo la kukatia.

"Usinisaidie, ndugu yangu," Papa Asukulu akasema, huku akicheka. "Ile ndiyo mi kompoze. Iko hivyo kwa kusudi."

Wapiga solo wa kwao hufanya hivyo. Wanatoa uzi wa nne mnene, wanaweka mwembamba ulioinuliwa juu, ili vidole vikikimbia noti zisizame, zibaki zote huko juu zinameta. Aliunganisha waya, akapiga. Mzee Harlan aliweka kikombe chake cha kahawa chini. Kahawa ilipopoa akaimwaga, na hakuwahi kufanya hivyo kwa mteja mwingine.

Tangu siku hiyo Papa Asukulu alikuja kila Jumamosi, kwa mabasi mawili kutoka kwake New Hope. Alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, akapiga, nami nikafanya kazi zangu. Nilipokosea kitu alijua kwa sauti ya tupa tu. Aliniita Fundi Kitanda, kwa sababu nilimsimulia nilianza na vitanda, na gitaa likitoka mikononi mwangu zito kupiga alisema, "Hii ni ya kulala, si ya kuimba." Mzee Harlan alinifundisha jinsi gitaa linavyotengenezwa. Kwa Papa Asukulu nilijua linatengenezwa kwa ajili ya nini. Mzee Harlan alipofariki na benchi likawa langu, ni yeye aliyekaa nami wiki nzima bila kupiga, akinishikia tu vitu visivyohitaji kushikwa.

Miaka hiyo hiyo vijana wa makanisa yetu walianza kupenda nyimbo nzito, zilizoshushwa sauti, na wakaanza kutaka nyuzi nene. Hili lina utaratibu wake, na najua wengine wenu mnauruka. Nyuzi za namba tisa huishi katika vijifereji vyembamba; za namba kumi na mbili hazitakaa humo, zitapanda juu na kukwama. Kila kijifereji kipanuliwe kwa tupa ya unene wake, na tupa ilale kidogo kuelekea vigingi vya kukazia nyuzi, si bapa. Nyuzi nene huvuta shingo kwa nguvu, shingo ikainama mbele kama upinde, kwa hiyo chuma kilicho ndani yake kikazwe robo mzunguko, gitaa lipumzike mpaka kesho, lipimwe tena. Likiwa na springi nyuma, nazo zikazwe. Halafu kimo cha nyuzi juu ya mbao za shingo, halafu daraja linaloshika nyuzi upande wa chini, uzi mmoja mmoja, mpaka noti ya katikati ya shingo ikubaliane na ya uzi usiobonyezwa. Na yote haya yafanyike nyuzi zikiwa kwenye sauti ile mpigaji atakayoitumia, si sauti unayoipenda wewe.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa gitaa la Papa Asukulu.

Kiharusi kilimpata mwezi wa Oktoba, akiwa anafunga kamba za viatu aje kwangu. Nilimwona siku ya tatu. Mdomo ulikuwa umeenda upande, maneno yalitoka nusu nusu, na mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Niliushika. Haukunijibu. Niliendesha gari kurudi Saint Paul nikiwa nimekwisha kuamua kitu moyoni, ingawa sikujua kwamba nimeamua.

Wiki ya pili ndipo Eliya akaja. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kiongozi wa bendi ya kanisa, na msiwe na haraka ya kumlaumu. Alimpenda baba yake. Alitaka gitaa la mzee lisikike kanisani wakati mwenyewe yuko kitandani, ili watu wamkumbuke katika maombi. Lakini nyimbo za bendi yake zilikuwa za kushusha sauti, na kwa nyuzi zile nyembamba gitaa lilikoroma tu.

Nilimuuliza baba yake amesema nini.

"Baba hawezi kuongea vizuri sasa, Anko," akasema. "Na hatapiga tena. Wewe mwenyewe umeuona ule mkono."

Daktari hakusema hivyo. Eliya ndiye aliyesema, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiambia neno hilo hilo garini. Kwa hiyo sikuuliza zaidi. Nilichukua karatasi. Kwenye mstari wa aliyelileta niliandika Eliya, na kwenye mstari wa anayelipiga nikaandika Eliya.

Ningeweza kuchonga mfupa mpya na kuuhifadhi ule wa zamani kwenye bahasha. Ingekuwa kazi ya nusu siku zaidi. Lakini ule wa zamani ulikuwa mzuri, nami nilitaka kuona kama naweza kuufuata mkono uliouchonga bila kuuharibu. Ilikuwa majivuno ya fundi. Kijifereji cha nne nilikipanua kutoka upana wa unywele mpaka upana wa uzi mnene, na vumbi la njano la mfupa likaanguka kwenye kitambaa. Nilikipangusa kitambaa nikaridhika.

Jumapili ile Eliya alilipiga, na kanisa zima likalia. Nami nililia.

Papa Asukulu alirudishwa nyumbani baada ya wiki saba. Jambo ambalo mimi na Eliya hatukulijua, kwa sababu tulikuwa tukienda kumwona na kumwombea na kuondoka, ni kwamba tangu wiki ya tatu vidole vilikuwa vimeanza kuamka. Mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo, Mkenya aitwaye Moraa, alimkuta siku moja akibonyeza chuma cha kitanda, kidole kimoja kimoja, akamuuliza anafanya nini. Mzee akamwambia anapiga solo. Moraa akamwahidi kwamba siku ya kwanza nyumbani watafanya zoezi kwa gitaa lenyewe, na wakawa wakiihesabu siku hiyo pamoja.

Eliya alinipigia simu mchana. Alisema, "Anko, njoo," halafu akakata simu.

Nilimkuta Papa Asukulu amekaa kwenye kiti sebuleni, gitaa mapajani, mkono wa kushoto umezunguka shingo ya gitaa. Moraa alikuwa amechutama pembeni, ameweka vidole vyake juu ya vile vya mzee, akijaribu kumsaidia kubonyeza. Uzi haukushuka. Eliya alikuwa amesimama jikoni, anatazama sakafu.

Moraa aligeuka akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Nikakubali. "Mzee ameshika ule mpira wa mazoezi poa kabisa wiki hii," akasema. "Lakini hii ni ngumu kama waya wa senyenge. Mliifanyia nini?"

Nilieleza. Nilisema ni nyuzi tu, ni za kubadilisha, nitalirudisha lilivyokuwa. Nilisema maneno mengi. Papa Asukulu alinisubiri nimalize, kwa sababu yeye sasa alihitaji muda kuyapanga yake.

"Niliona uzi wa nne," akasema polepole. "Nikafikiri ni watoto wamechezea. Halafu nikaangalia mfupa. Kazi safi. Nikajua ni wewe."

Nilikaa chini sakafuni, karibu na Moraa.

"Eliya ni kijana," akaendelea. "Kijana anaweza kusema, baba amekwisha. Lakini wewe, Fundi, unapima kila kitu. Mimi ulinipima lini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Aliuondoa mkono wa kushoto kwenye shingo kwa kuushika na ule wa kulia, akauweka pajani.

Nililibeba gitaa. Nilichonga mfupa mpya kwa mfano wa ule wa zamani, nikikisia pale ambapo tupa yangu ilikuwa imefuta kipimo chake. Niliweka nyuzi nyembamba kuliko alizozoea, za namba nane, na uzi wa nne wa mi kompoze. Nililegeza chuma cha shingo, nikashusha nyuzi karibu na mbao kiasi kwamba zilitaka kulia zenyewe, nikazipandisha kidogo, nikazishusha tena. Siku nne sikugusa kazi ya mtu mwingine. Katika miaka yangu yote sikuwahi kutengeneza gitaa jepesi kuliko lile. Nilibonyeza kwa kidole kidogo cha mkono wangu ulio dhaifu zaidi, na uzi ukakubali.

Nilimpelekea. Alilipokea, akautazama mfupa wake mpya, akapitisha dole gumba juu ya nyuzi, akanishukuru. Akauliza hali ya mke wangu. Kisha akasema, "Mpe Eliya."

Moraa alimbembeleza. "Mzee, hii ndiyo dawa yako. Ule mpira ni wa kuanzia tu."

"Nimechoka, mama," akamjibu.

Eliya alipiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akamwomba kwa Kiswahili chote alichokuwa nacho. Baba yake akamshika kichwa kwa mkono wa kulia, akamwambia hajakosa kitu. Mimi nami niliomba msamaha, si siku hiyo tu. Aliniambia alinisamehe siku ile ile niliyokaa sakafuni, na kwamba nisirudie kuomba, kwa sababu chai inapoa. Alikuwa anasema kweli. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya. Mtu aliyekasirika unaweza kumngojea. Yeye hakukasirika. Aliendelea na mpira wa mazoezi majuma machache, kwa heshima ya Moraa, kisha akawa anausahau chini ya kiti. Kufikia majira ya kuchipua vidole vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, na havikufunguka tena.

Kila Jumamosi nilifunga karakana saa sita mchana nikaenda mimi New Hope. Tulizungumza habari za Kigoma, za theluji, za wajukuu zake wanaomjibu kwa Kiingereza akiwasalimia kwa Kiswahili. Alinitania kama zamani. Aliniuliza kama nimewahi kumlaza mtu kwenye kitanda changu kisivunjike. Nilimwambia kuhusu magitaa yaliyoingia wiki hiyo, na alisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari za ukoo usio wake. Eliya alilitundika gitaa ukutani, juu ya kochi. Naye hakulipiga.

Kwa hiyo ninawaomba mambo machache ambayo ninyi mnaweza kuyafanya na mimi sikuyafanya. Jazeni mistari yote miwili ya karatasi, na wa pili msiujaze kwa kukisia. Mpigaji akiwa hospitali, nendeni hospitali. Akiwa hawezi kuongea, kaeni mpaka aweze, au mpaka awaonyeshe. Mfupa uliochongwa na mwenyewe msiuguse kwa tupa, chongeni mwingine. Na mtu akiwaambia kwamba fulani hatapiga tena, muulizeni anayesema hivyo amejuaje, hata kama ni mwanawe, na hata kama mlikuwa mmekwisha kuwaza hivyo wenyewe. Hasa kama mlikuwa mmekwisha kuwaza hivyo wenyewe.

Papa Asukulu alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi nilimuuliza Moraa swali nililoliogopa miaka mitatu. Alinijibu bila kunificha: mkono ule ungerudi, si wote, lakini wa kutosha kupiga. Mimi na Eliya tuliamua kabla ya wakati kwamba umekufa, na yeye akatuamini. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na katika miaka hiyo mitatu sikumsikia akipiga hata noti moja.